Diski ya Akiba Inapokatika Katikati ya Kazi: Tuliyojifunza Ofisini Kwetu



Katika toleo hili tumeona ni vema tuandike juu ya kifaa kidogo kinachokaa kwenye meza za ofisi nyingi, nacho ni diski ya nje. Ni kile kisanduku kinacholingana na kitabu kidogo cha nyimbo, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Humo tunaweka nakala za akiba, ambazo wengi huziita bakapu, za hesabu, orodha na taarifa za miradi. Sharika kadhaa zimetueleza kwamba diski zao hukatika katikati ya kazi ya kunakili, na zimeuliza kama zinunue nyingine. Jibu letu ni kwamba zisubiri kwanza. Sisi wenyewe tulinunua haraka, na tulijuta.

Yaliyotupata

Ijumaa jioni ilikuwa siku yetu ya kutengeneza nakala. Mhasibu aliunganisha diski, akaianzisha programu, akafunga ofisi na kwenda nyumbani. Jumatatu alikuta maandishi kwenye kioo cha kompyuta yakisema kwamba kifaa hakionekani. Aliyafunga, akaendelea na kazi za siku. Jambo hilo lilijirudia Ijumaa nyingi. Tulipoelezwa, sisi tulio wasimamizi tulisema mara moja kwamba diski imekufa, tukanunua mpya kwa fedha za uendeshaji wa mradi. Ijumaa ya pili nayo ikakatika.

Tukiwa bado tunatafuta wa kumlaumu, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta ya mradi ikaungua. Diski yake ya ndani haikusomeka tena. Tulipofungua nakala za akiba tukakuta kwamba ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya miezi minne nyuma. Michango ya vikundi vya maji, mahudhurio ya semina na malipo ya mafundi kwa miezi hiyo yote havikuwemo. Watu watatu walikaa siku tisa wakiandika upya kutoka kwenye madaftari na stakabadhi, na taarifa ya robo mwaka iliwafikia wafadhili ikiwa imechelewa. Daftari la kikundi kimoja lilikuwa limelowa mvua, ikabidi tuwaulize wanakikundi mmoja mmoja kila mtu alichanga kiasi gani. Walitujibu kwa uaminifu, lakini sisi tuliona aibu, kwa sababu walikuwa wametukabidhi kumbukumbu zao wakiamini ziko salama.

Baadaye fundi alikuja kuzipima diski zote mbili, akazikuta nzima. Tatizo lilikuwa ni waya.

Kwa nini wakati wa kunakili?

Msomaji anaweza kuuliza, mbona diski hiyohiyo hufungua barua na picha bila shida? Ndani ya diski nyingi za nje mna sahani zinazozungushwa na mota, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Diski ndogo za inchi 2.5 hupata umeme wake wote kupitia waya wa USB. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5, na la USB 3.0 hadi miliampia 900. Kiasi hicho hutosha ikiwa waya ni mzima na tundu ni zuri. Waya ukiwa mrefu, mwembamba au umelegea, umeme hupungua njiani, na diski huzimika kwa nukta moja. Kwa kompyuta, hiyo ni sawa na mtu kuichomoa.

Kufungua barua moja ni sawa na kuchota kikombe cha maji. Kutengeneza nakala ya akiba ni sawa na kujaza tangi zima: kazi ni ya saa nyingi bila kupumzika, diski hupata joto, na kila udhaifu hujitokeza. Ndiyo maana hitilafu huonekana siku ya kunakili, hata kama ilikuwepo tangu zamani.

Swali la kwanza: inakatika wapi?

Fundi yule hakuanza kwa kufungua kitu chochote. Alituuliza, "Inakatika wakati gani?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa na kuangalia. Alituagiza tujaribu mara tatu huku mtu akiandika saa ya kuanza, saa ya kukatika na faili lililokuwa likinakiliwa. Karatasi hiyo moja ilitusaidia kuliko diski mpya tuliyonunua. Majibu huwa ya namna nne.

Kwanza, diski hukatika ovyo: leo baada ya dakika tatu, kesho baada ya arobaini, na mara nyingine hutoweka kwenye kompyuta kisha hurudi yenyewe. Hapo shuku umeme, waya au tundu. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Pili, hukatika baada ya muda uleule, hasa wakati hakuna mtu karibu. Hapo shuku kwamba kompyuta inalala. Nyingi zimepangwa kulala zisipoguswa kwa muda fulani, au kuzima matundu ya USB ili kuokoa umeme.

Tatu, hukatika kwenye faili lilelile. Hapo shuku faili lenyewe, mpangilio wa diski, au sehemu mbovu kwenye diski mojawapo.

Nne, mwendo hupungua siku hadi siku, diski hutoa mlio usio wa kawaida, au kompyuta huchukua muda mrefu sana kuitambua. Hapo diski yenyewe inaelekea kuchoka.

Hatua za kufuata

Tunashauri hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio, na kibadilishwe kitu kimoja tu kila mara. Mkibadilisha vitatu kwa pamoja hamtajua kilichoponya ni kipi.

1. Badilisheni waya. Tumieni mfupi na mzima, ikiwezekana ule uliokuja na diski. Sisi tulikuwa tumeunga waya wa nyongeza ili diski ifike mezani. Tulipouondoa, kazi ilikamilika siku hiyohiyo.

2. Badilisheni tundu. Kwenye kompyuta ya mezani, tumieni matundu ya nyuma badala ya yale ya mbele. Msipitishe diski kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, kwani hapo diski inagawana umeme na kipanya, flashi na vingine. Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya ukutani. Iangaliwe nayo kama imelegea.

3. Zuieni kompyuta kulala. Kwenye mipangilio ya umeme, wekeni isilale kabisa wakati wa kunakili, na zimeni ule uchaguzi wa kupumzisha matundu ya USB. Laptopu iwe kwenye chaji muda wote.

4. Angalieni nafasi na mpangilio. Programu nyingi huhifadhi nakala za zamani hadi diski inajaa bila mtu kutambua. Aidha, diski iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama nusu ya diski ni tupu. Mpangilio wa NTFS au exFAT hauna kizuizi hicho. Kumbukeni kwamba kufomati upya hufuta kila kitu kilichomo, hivyo hamisheni kwanza yaliyomo.

5. Lijaribuni faili linalokwama. Fungeni programu ya uhasibu na nyingine zote, kisha mnakili faili hilo peke yake kwenye flashi. Likikwama na huko, huenda tatizo liko kwenye diski ya ndani ya kompyuta, wala si kwenye diski ya nje. Hiyo ni taarifa nzito, maana ndipo zilipo kumbukumbu zenu zote. Nakilini mengine yote siku hiyohiyo.

6. Jaribuni diski kwenye kompyuta nyingine. Ikikatika na huko kwa waya mwingine, diski ndiyo mgonjwa. Ikifanya kazi vizuri, rudini mkaiangalie kompyuta ya kwanza.

7. Someni afya ya diski. Diski nyingi hujiandikia kumbukumbu za afya zinazoitwa SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Idadi ya sehemu zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ikiwa inaongezeka kila wiki, hiyo ni dalili mbaya. Hata hivyo, diski inaweza kufa huku SMART ikionyesha iko sawa, kwa hiyo isichukuliwe kama cheti cha uzima.

Ukisikia mlio, acha

Diski ikigonga tak-tak-tak kwa mfululizo, au ikikwaruza, izimeni. Kila dakika ya kuendelea inaweza kuharibu sahani zaidi. Msiifungue wala msiiweke kwenye friji kama wengine wanavyoshauri; vumbi na unyevu humaliza kilichobaki. Vilevile, msikimbilie amri ya kukarabati kama chkdsk kwenye diski yenye nakala pekee. Amri hiyo hurekebisha mpangilio wa mafaili, haitengenezi chuma kilichochoka, na inaweza kuongeza madhara. Okoeni kwanza yaliyomo, kisha ndipo mkarabati.

Katika matumizi ya kila siku, diski isiwekwe juu ya kitambaa wala chini ya rundo la karatasi, isinyanyuliwe ikiwa inazunguka, na isichomolewe kabla kompyuta haijaamriwa kuiachia. Diski za kisasa zisizo na sahani, yaani SSD, hazigongi wala haziumizwi kirahisi na mtikisiko, lakini matatizo ya waya, tundu, usingizi wa kompyuta na mpangilio yanazihusu pia.

Nakala moja si akiba

Hata diski ikipona, kuna jambo kubwa zaidi. Makosa yetu hayakuwa ya waya peke yake. Tulikuwa tunahesabu Ijumaa zilizopita, hatukuhesabu nakala zilizokamilika. Kompyuta ilitueleza kila Jumatatu kwamba kazi imeshindikana, nasi tukayafunga maandishi.

Watu wa kazi hii hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa usharika maana yake ni rahisi: kumbukumbu kwenye kompyuta, nakala kwenye diski, na nyingine kwenye diski ya pili inayokaa nje ya ofisi, au kwenye hifadhi ya intaneti pale mtandao unaporuhusu. Diski iliyo mezani kando ya kompyuta huibwa pamoja nayo na huungua pamoja nayo. Inayobaki imeunganishwa muda wote huweza kuharibiwa na virusi au umeme uleule, hivyo kazi ikiisha ichomolewe.

Kwa kuwa diski hizi hubeba majina ya watoto, namba za simu na hali za afya za watu, zifungwe kwa nenosiri kwa programu ya kusimba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde taarifa hizo. Nenosiri liandikwe na kutunzwa kwenye kasha la usharika, ili asipokuwepo mtu mmoja kazi isikwame.

Ombi letu

Kwa wajumbe wa kamati: hamhitaji kuwa mafundi. Katika kila kikao cha robo mwaka ulizeni maswali matatu na majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Nakala ya mwisho iliyokamilika ni ya tarehe gani? Nakala ya pili iko wapi? Na ni lini mara ya mwisho tulifungua faili kutoka kwenye nakala hiyo, tukalisoma? Swali la tatu ndilo kubwa, maana nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Kwa marafiki wanaotuchangia: mkiona kwenye bajeti zetu mstari wa diski ya pili na UPS ya kulinda kompyuta, msiuone kuwa ni anasa. Ni vitu vidogo ukilinganisha na siku tisa za watu watatu.

Ofisini kwetu sasa kuna karatasi iliyobandikwa ukutani. Kila Jumatatu mhasibu hufungua faili moja kutoka kwenye diski, huandika tarehe na kutia sahihi, na mratibu hutia yake. Ile diski ya zamani tuliyosema imekufa bado inafanya kazi. Ile mpya tumeipa kazi ya kukaa mbali na ofisi, na kila mwisho wa mwezi huletwa, hunakiliwa na kurudishwa. Wale wanakikundi tuliowauliza mmoja mmoja tumewaeleza yote haya, na katibu wao ameomba naye aje Jumatatu moja aone orodha yao ikifunguliwa. Tumemkaribisha.