Vijana wa Okestra Wapewe Jukwaa

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba ni nadra kuiona harusi kubwa, au sikukuu ya Idd, au ugeni wa heshima, ambao watu watauhesabu kuwa umetimia pasi na taarab. Tumelizoea jambo hili kiasi cha kulisahau, kama mtu anavyoisahau hewa anayoivuta. Na kwa kuwa tumelizoea, ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza ni nani atakayekaa nyuma ya mwimbaji baada ya miaka kumi au ishirini ijayo, fidla begani, au selo magotini, au kanuni mapajani. Tunaona kwamba wakati umefika wa kuliuliza suala hilo hadharani, na kulijibu kwa vitendo.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Inasimuliwa kwamba katika enzi ya Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi mwaka 1888, wanamuziki waliletwa kutoka Misri kuja kupiga kasrini, na kwamba mtu wa hapa hapa akapelekwa Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 120. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri pamoja na wapigaji wake hadi Bombay kwenda kurikodi sahani za santuri, na taarab ya Kiswahili ikatoka katika majumba ya wakubwa ikaingia mikahawani na mabarazani. Baadaye, filamu na redio kutoka Misri zilipotusikilizisha okestra kubwa za Cairo, vikundi vyetu navyo viliongeza safu za fidla, vikaingiza selo na dabalbesi. Mwaka 1958 vijana wa Afro-Shirazi Party walianzisha kikundi chao, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kikundi hicho kikawekwa chini ya mamlaka ya utamaduni. Ndicho kinachojulikana kwa jina la Culture Musical Club.

Msomaji atatanabahi kwamba katika kila zama palikuwa na mwenye kuubeba mzigo. Kwanza lilikuwa kasri. Kisha wakawa wanachama wenyewe, waliotoa ada zao na nguvu zao baada ya kazi za mchana. Kisha ikawa Serikali. Okestra haijapata hata siku moja kuishi kwa kujitegemea kama duka la bidhaa linavyoishi kwa faida yake. Watu kumi na watano au ishirini hawakai pamoja usiku kucha kwa ajili ya nyimbo sita bila ya kuwapo jamii iliyoamua kwamba jambo hilo lina thamani kwake. Basi suala lililo mbele yetu ni hili: katika zama hizi, nani anaubeba mzigo huo?

Kwa muda fulani jibu lilikuwa wafadhili kutoka nje. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifungua milango yake katika jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Humo vijana wetu, wa kiume na wa kike, walifundishwa udi, kanuni, fidla, akodiani, ngoma na kusoma noti. Tungependa kulisisitiza hilo la wasichana. Katika okestra za zamani mwanamke alikuwa mwimbaji na wapigaji walikuwa wanaume. Leo tunao wasichana wanaopiga fidla na udi mbele ya hadhara, na hatua hiyo si ndogo. Lakini fedha ya mgeni huja na muda wake. Mwaka 2019 ufadhili ulipopungua, chuo hicho kilitangaza hadharani kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata likaja janga la korona. Skuli zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, ndege za watalii zikasita, na Idd el Fitri ya mwaka 2020 ikapita bila ya shamrashamra zake zilizozoeleka.

Hasara ya kipindi kile haikuwa ya malipo peke yake. Mpigaji akifungiwa nyumbani huweza kuendelea kufanya mazoezi ya vidole, na walio hodari walifanya hivyo. Ila okestra haifanyiwi mazoezi chumbani na mtu mmoja. Mwenye fidla hujifunza kumsikiliza mwenye kanuni anapopamba sauti, hujua lini amfuate mwimbaji anaporefusha ubeti kwa kuwa wasikilizaji wamesimama kumtunza, na hujua lini dumbaki inaashiria kwamba kibwagizo kinarejea. Hapana kitabu kinachoyafundisha hayo. Hufundishwa na usiku wenyewe, mbele ya watu, katikati ya wazee waliotangulia. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba mwaka 2020 alikuwa ndiyo kwanza aanze kuketi nyuma ya wazee hao. Na katika kila mwaka unaopita viti vya wazee hupungua.

Ni haki tuseme pia kwamba visiwa vyetu vilirejea jukwaani mapema kuliko wengi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lilifanyika Ngome Kongwe mwezi wa Februari 2021 kwa kiasi kilichopunguzwa, wakati kumbi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zimefungwa. Wageni nao wamerejea. Mwaka 2019 walifika zaidi ya 500,000; mwaka 2020 wakapungua hadi takriban 260,000; na mwaka 2024 walipindukia 700,000. Mtu akizitazama hesabu hizi anaweza kudhani kwamba mambo yote yametengemaa, na mwanamuziki naye amepona.

Ukweli ni kwamba kurejea kwa mgeni hakukuwa kurejea kwa okestra. Hoteli inapotaka muziki wa kuwaburudisha wageni wakati wa chakula, huita watu wawili au watatu: udi, ngoma na mwimbaji. Hatuwalaumu wenye hoteli, kwani wao wanapiga hesabu ya biashara. Lakini katika hesabu hiyo mwenye selo hana nafasi, mwenye dabalbesi hana nafasi, na safu ya fidla nne haina nafasi. Upande wa pili, katika harusi nyingi kinanda cha umeme kimechukua kazi ya watu kumi, na pengine hata hicho hakipo, kimebaki kifaa kidogo chenye nyimbo zilizorikodiwa. Taarab ya kisasa ina wapenzi wake na hatuna ugomvi nayo. Tunachosema ni kwamba kijana aliyetumia miaka mitano kujifunza fidla amefunzwa kazi ambayo soko peke yake halimpi.

Hapa tungependa kuwafahamisha wale wanaodhani kwamba kinanda cha umeme na fidla ni mamoja. Rasti na bayati ni maqamu zenye sauti zinazokaa baina ya vibonye viwili vya kinanda cha kawaida. Kidole juu ya uzi wa fidla huzipata, na mpigaji wa kanuni huzipata kwa vitendo vidogo vilivyowekwa pembeni mwa nyuzi zake, ambazo hupangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mtoto wetu aliyekulia katika madrasa, aliyesikia adhana mara tano kwa siku, na aliyekaa katika maulidi ya homu, ana sikio linalozijua sauti hizo kabla hajagusa chombo chochote. Sikio hilo ni rasilimali tuliyopewa bila ya mkopo. Tukilizoesha sauti za mashine peke yake, kizazi kimoja kinatosha kulipoteza.

Mfano mwingine ni bashrafu, ule muziki usio na maneno ambao kwa desturi hufungua usiku wa taarab. Ni pale ambapo okestra husikika yenyewe, kabla mwimbaji hajasimama. Siku hizi aghalabu hufupishwa au huachwa kabisa kwa sababu watu wana haraka ya nyimbo. Nayo bashrafu ndiyo skuli ya vijana. Ndani yake wote hupiga sauti moja, na aliyepotea hujulikana mara moja. Kikundi kinachoacha bashrafu kimeufunga mlango wa darasa lake.

Tutafanya nini, basi? Tunapendekeza mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji muujiza wala hazina kubwa.

La kwanza ni ratiba. Kila mwezi uwekwe usiku mmoja unaojulikana, pale Ngome Kongwe, ambapo okestra kamili itapiga, wazee na vijana wakiwa wamechanganyika katika safu moja, na ianze kwa bashrafu. Kiingilio cha mwananchi kiwe kidogo, na cha mgeni kiwe kinacholingana na uwezo wake. Tamasha la mara moja kwa mwaka ni jambo zuri, ila mpigaji hupevuka kwa kupiga mara kwa mara. Na katika sherehe za kitaifa, pale ambapo muziki wa taarab unahitajika, taasisi za Serikali ziwe za mwanzo kuita okestra iliyo hai na kuacha kutumia nyimbo za kurikodiwa.

La pili ni Pemba. Haifai kila tunapotaja utamaduni wa visiwani tuwe tunakusudia mitaa michache ya Mji Mkongwe. Kijana wa Wete au wa Mkoani hawezi kuvuka bahari kila wiki kufuata somo la fidla. Mwalimu ndiye avuke. Tukiwa na walimu wawili wa kukaa Chake Chake kwa muhula mzima, pamoja na chumba cha skuli wakati wa jioni na vyombo vichache, tutakuwa tumeanza. Na usiku wa okestra wa kila mwezi ufanyike huko pia, kwa zamu.

La tatu ni vyombo. Hewa ya bahari hula nyuzi na kufungua gundi ya mbao, na kanuni moja huhitaji nyuzi zaidi ya sabini. Kijana asiye na ajira hawezi kuagiza vitu hivyo peke yake. Iwepo bohari moja ya pamoja inayoagiza nyuzi kwa jumla na kuziuza kwa bei ya kununulia. Mafundi seremala wetu, ambao ustadi wao katika milango na masanduku unajulikana, wafunzwe kutengeneza udi na fidla zilizovunjika. Wahusika wa forodha nao watazame kama taratibu zao zinaweza kurahisishwa kwa vyombo vya kufundishia.

La nne ni malipo. Ni desturi nzuri ya taarab kwamba msikilizaji huinuka na kumtunza mwimbaji. Lakini mkono wa mtunzaji haufiki safu ya nyuma. Kila kikundi kiwe na utaratibu ulioandikwa, unaoonyesha fungu la kila kiti, na kijana alipwe siku ile ile ya kazi. Wasichana wawekewe usafiri wa kuwarejesha makwao baada ya usiku, kwa sababu mzazi mwenye wasiwasi na barabara humtoa mtoto wake katika okestra hata kama anaupenda muziki wake.

La tano ni wazee. Mpigaji wa umri wa miaka sabini ni maktaba, na maktaba haifunguki bila ya mwenye kuifungua. Apewe posho ya kufundisha, aheshimiwe kwa jina la mwalimu. Na zile kanda za taarab zilizorikodiwa Rahaleo tangu enzi za Sauti ya Unguja, redio iliyoanza mwaka 1951, zifikiwe na wanafunzi, wapate kusikia jinsi waliowatangulia walivyokuwa wakipiga.

Tunajua watakuwepo watakaosema kwamba zipo skuli zinazohitaji madawati na vituo vya afya vinavyohitaji dawa, basi hapana nafasi ya kushughulikia fidla. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Hata hivyo tunaiomba izingatie mambo mawili. Moja, tunayoyapendekeza hapa ni madogo mno yakilinganishwa na mahitaji hayo, na mengi kati yake ni mpango kuliko fedha. Pili, tunawaita wageni waje waone visiwa vyenye utamaduni wao. Tunapoichapisha picha ya mpiga kanuni katika matangazo yetu, tunakuwa tumekopa kwake. Si uungwana kukopa bila ya kulipa.

Kwa vijana wenyewe tunalo neno moja. Jukwaa likipatikana, liheshimuni. Fikeni mapema, tuneni vyombo vyenu kabla ya watu kuketi, na msione haya kukaa safu ya nyuma miaka michache. Na sisi wananchi tunalo jukumu letu, jepesi kuliko yote, nalo ni kuhudhuria. Usiku ukitangazwa, twende pamoja na watoto wetu, tukae kimya wakati wa bashrafu, na tutakapoinuka kutunza, tukumbuke kwamba nyuma ya sauti inayotupendeza wapo watu kumi na watano wanaoibeba.

Wahusika wa utamaduni wanayo fursa ya kuanza na sikukuu ya Idd inayokuja. Okestra moja, usiku mmoja Unguja na mmoja Pemba, vijana kumi kando ya wazee wao. Kikifanyika hicho, mengine yatakuwa na pa kuanzia.