Mizani ya Dhahabu na Mizani ya Mtoto

Katika mialo ya Geita na Kahama dhahabu haiuzwi kwa kukisia. Kipande kidogo mfano wa punje ya mtama huwekwa juu ya mizani, mwuzaji na mnunuzi wakikodoa macho, na mizani ikiyumba kidogo tu ugomvi huzuka. Twawasifu kwa uangalifu wao. Lakini yule mtoto aliyelazwa kivulini pale pale mwaloni, yeye amepimwa lini?

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoani Geita, nchi ya dhahabu na ya samaki wa Ziwa Victoria pia, walizidi 38.

Udumavu una hila. Mtoto mwenye surua huonekana. Aliyedumaa hucheza na kucheka kama wenziwe, na kwa kuwa wenziwe nao ni wafupi, mama haoni tofauti. Hata mizani yaweza kudanganya, maana mtoto mfupi aweza kuwa na uzito uliolingana na kimo chake. Ubao wa kupimia urefu ndio usemao kweli, nao hauna budi kusema mapema, kwani kimo kilichopotea kabla ya miaka miwili hurudi kwa shida. Na wazazi wengi huacha kwenda kliniki chanjo zikiisha, wakati ambapo mtoto anaachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi matupu, hali dagaa na karanga zimo sokoni. Habari ya zebaki nayo tusiifiche: ikichomwa nyumbani, mvuke wake hudhuru ubongo wa mtoto, wala hapana ubao uwezao kuyaonyesha madhara hayo.

Kupima si jambo geni kwetu. Mpango ulioanza mkoani Iringa mwaka 1983 ulivifanya vijiji 168 vipime uzito wa watoto kila miezi mitatu, na hesabu zikasomwa mbele ya halmashauri ya kijiji. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Iringa hiyo hiyo iliongoza nchi nzima kwa udumavu, na wenye haraka watasema kazi ile ilikuwa bure. Sivyo. Waliopimwa siku zile ni wazazi leo, na watoto wao wanahitaji kupimwa upya, tena kwa urefu.

Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa ajili ya lishe. Ndugu mwanachama wa Nyarugusu au Kakola, mwulize diwani wako katika mkutano wa tawi: fedha hizo zimetoka? Zahanati yetu ina ubao wa kupimia? Asiyekuwa na jibu apewe nafasi hadi mkutano ujao, na swali liandikwe katika kumbukumbu.