Uingereza: Jinsi ya kutofautisha blubeli ya asili na ile ya Hispania

Kila majira ya kuchipua misitu ya Uingereza hufunikwa na blubeli, maua ya buluu yenye umbo la kengele yanayoota kutokana na tunguu. Blubeli ya asili huinamisha kilele chake upande mmoja, hunukia vizuri, na chavua yake ina rangi ya maziwa. Ile ya Hispania, iliyoletwa kupamba bustani, husimama wima. Maua yake huzunguka shina, harufu yake ni hafifu na chavua yake huelekea buluu.

Zikikaribiana huchavushana na kuzaa machotara wenye rutuba, jambo linalotishia usafi wa ile ya asili. Ndiyo maana wakulima wa bustani huaswa wasitupe tunguu msituni. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa blubeli ya porini pasipo idhini ya mwenye ardhi.