Kwa nini simbilisi wengi hufa wakati wa kiangazi?

Kila mwaka majani yanapoanza kukauka, wasikilizaji wetu wanaofuga simbilisi hutuuliza swali lilelile: mbona wanapungua? Anaanza mmoja kujikunyata pembeni, hali chakula, ukimshika analia, na baada ya siku chache amekufa. Wengine hudhani amelishwa sumu, wengine husema ni baridi ya Mbeya, na wapo wanaomshuku jirani. Mara nyingi chanzo ni chakula tunachompa.

Simbilisi ni mgugunaji kama panya, lakini si panya wa shambani. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe tumezoea kumwona jikoni, akiokota maganda na majani. Mara nyingi wenyewe ni watoto. Mtoto anampa jina, anamkatia majani akitoka shule, na akizaliana anauza wawili watatu apate daftari. Wakifa, mtoto amepoteza rafiki na akiba yake kwa pamoja.

Sasa tuangalie sababu. Wanyama wengi, akiwemo sungura, hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, kama sisi binadamu tusivyoweza. Lazima aipate kwenye chakula kila siku, kwa sababu mwili wake hauwezi kuiweka akiba ya muda mrefu. Ndiyo maana unaweza kuwalisha sungura na simbilisi chakula kimoja, sungura akadunda, simbilisi akadhoofika.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1907 na watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich. Waliwalisha simbilisi nafaka na mkate peke yake, wakitafuta chanzo cha ugonjwa mwingine uliokuwa ukiwasumbua mabaharia. Simbilisi wakaugua kiseyeye. Walioongezewa vyakula vibichi kama kabichi hawakuugua.

Hebu fikiria jiko letu mwezi wa 8. Majani ya kando ya njia yamekauka, kwa hiyo simbilisi anapewa pumba za mahindi, makombo ya ugali na nyasi kavu. Anashiba, lakini vitamini C hakuna, kwa kuwa hupotea majani yanapokauka au kupikwa. Hicho ndicho chakula cha wale wa mwaka 1907.

Dalili huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi: manyoya yanasimama, anachechemea, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, hataki kuguswa. Asiposaidiwa, anaweza kufa ndani ya wiki tatu au nne.

Tufanye nini? Mpe majani mabichi kila siku, asubuhi na jioni. Matembele, mashona nguo, majani ya karoti, majani ya nje ya kabichi na nyasi mbichi za bondeni vinafaa. Kipande cha pilipili hoho kina vitamini C nyingi kuliko majani mengi. Maji yanayomwagika pale mnapooshea vyombo yanatosha kustawisha tuta dogo la matembele kiangazi chote. Nyasi kavu usiache kumpa, maana meno yake hayaachi kukua na yanahitaji kusagwa. Pumba ziwe nyongeza tu. Maji safi yawepo wakati wote.

Kuna vitu vya kuepuka. Majani na maganda ya parachichi ni sumu kwake. Ndugu zetu wa Rungwe na Njombe wenye miti hiyo uani wawe makini. Usimpe majani ya viazi mviringo, viazi vilivyogeuka kijani, wala majani ya nyanya. Mboga iliyopuliziwa dawa karibuni pia iache.

Akiugua, usimpe dawa za binadamu zilizobaki kabatini. Amoksilini na nyingine za jamii ya penisilini huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Mwite afisa mifugo wa kata.

Kuhusu makazi, baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 ni kweli inamtesa, hasa akilala palipolowa. Moshi wa jikoni nao unamuumiza mapafu. Sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka chini, lenye wavu upande mmoja na nyasi kavu za kulalia, linamkinga na unyevu, paka na panya. Badilisha nyasi hizo kila baada ya siku mbili au tatu.

Mfundishe mtoto kumshika kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya miguu ya nyuma, akiwa amekaa chini, kwa sababu simbilisi akianguka anaweza kuvunjika mgongo. Akimaliza kucheza naye anawe mikono kwa sabuni.

Kwa hiyo msikilizaji, kesho asubuhi kabla mtoto hajaenda shule, angalieni pamoja pale simbilisi anapolala. Kama hamtaona jani bichi hata moja, anzeni na hilo.