Gari la Turkana si Pambo

Baina ya Lodwar na Kakuma ni mwendo wa kilomita zipatazo 120, katika nchi iliyokatwakatwa na malaga, yaani mito ya msimu. Laga hukaa kavu miezi mingi, kisha hufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, hali mbingu ya hapo ni nyeupe. Lami imepunguza taabu katika barabara kuu, lakini shule nyingi ziko mbali nayo.

Huko gari la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne si anasa. Bamba la kuikinga injini na mawe lafaa. Hata hivyo, wako wanaolirundikia gari vyuma mbele na juu, wasikumbuke kwamba kila kilo huongeza kuzama. Winchi nayo hutaka nanga, na katikati ya laga hakuna mti. Mikoma na migunga iko ukingoni.

Mwalimu wa fizikia ana somo tayari hapa. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Punguza upepo wa tairi, eneo linaloukalia mchanga litapanuka, na gari litapita. Basi koleo, mbao mbili, kamba imara na pampu ya kurudishia upepo vitangulie. Kamba isifungwe kwenye kichwa cha kuvutia trela: kikikatika huruka na kuua.

Maji yakishuka, hakuna chuma cha kushindana nayo. Dereva angoje yapungue. Bodi za shule na zigharimie kwanza mafunzo ya dereva, ndipo zinunue vyuma. Waliomo garini ni watoto wetu.