Mzee akidai nishani ya jeraha lake, anadai haki au anatafuta sifa?

Ndugu msomaji, makala yetu ya Ijumaa hii inahusu jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini ndani ya nyumba zetu. Ni habari ya mzee aliyekwenda vitani akiwa kijana, akarudi na jeraha, akakaa kimya miaka mingi, kisha uzeeni akasema: nataka jeraha hili litambuliwe, iwe kwa nishani, kwa medali, au angalau kwa barua yenye muhuri.

Mara nyingi jibu analolipata mzee huyu halitoki serikalini, bali hutoka sebuleni kwake. Watoto humwambia kwamba mambo hayo yamepita, nishani hainunui unga. Wengine huvaa joho la dini na kumwambia: "Baba, mwachie Mungu, kutaka kusifiwa na watu ni riya." Mzee hunyamaza, na suala linafungwa. Je, linafungwa kwa haki? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo.

Kwanza tujue tunazungumzia kina nani. Majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi yetu ya Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita tarehe 2 Novemba mwaka huo, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Pamoja na askari wa JWTZ walikwenda vijana wa JKT, polisi, magereza na maelfu ya mgambo walioacha majembe na vibarua vyao. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo amevuka 65. Waliokufa wana makaburi na mnara wao kule Kaboya, Mkoa wa Kagera, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Lakini aliyerudi na kipande cha chuma begani mwake kumbukumbu yake ni bega lenyewe. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Sisi wakazi wa Magomeni tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tuna mtaa unaoitwa Kagera. Anayetoka hapo kwenda mjini, akishapita bonde la Jangwani, hufika Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Akisonga mbele hadi katikati ya mji anaikuta Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu ili wazee wetu wa chuoni waweze kukisoma. Sanamu ile inawaenzi askari na wapagazi wenyeji kwa ujumla wao. Lakini tafuta jina la mtu mmoja pale, hulioni.

Kukosekana kwa majina hakukuwa kwa bahati mbaya tu. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba baada ya vita ile watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika wakiwemo wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Radhi ilikuja baada ya miaka mia moja, wahusika wote wakiwa udongoni. Ndugu msomaji, hayo ndiyo matokeo ya kumwambia mtu "subiri" na kumwambia "haina haja."

Sasa tuje kwenye neno riya, kwa kuwa ndilo linalotumiwa kumnyamazisha mzee. Ni kweli kwamba dini yetu imeonya vikali juu ya mtu anayepigana ili watu waseme kuwa yeye ni shujaa. Onyo hilo liko wazi, wala hatulipunguzi. Lakini linahusu nia ya mtu alipokuwa akitenda, na nia iko moyoni, anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Halikuja ili liwe kisingizio cha kuficha ukweli wa jambo lililotendeka. Kutaka kusifiwa ni jambo moja, na kutaka tukio la kweli liandikwe kama lilivyotokea ni jambo jingine. Lile la kwanza ni maradhi ya moyo, na hili la pili ni ushahidi.

Na ushahidi katika Uislamu una uzito mkubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, deni liwe dogo au kubwa. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake, alianzisha diwani, yaani daftari la majina ya wapiganaji na watu wao, na kila mmoja akapangiwa fungu lake kwa kadiri ya alivyotangulia katika utumishi. Waliopigana Badr waliwekwa mbele ya waliokuja baadaye. Hatujasikia kwamba masahaba wale walikataa kuandikwa kwa kuogopa riya. Na Talha bin Ubaydullah (R.A.), ambaye mkono wake ulipooza kwa kumkinga Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud, hakuuficha mkono ule. Watu waliuona, wakausimulia, na habari yake ikatufikia sisi baada ya karne kumi na nne. Jeraha lile lilihifadhiwa kwa sababu waliokuwapo walilishuhudia na kulisema.

Hapa ndipo penye ugumu wa wazee wetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jeraha ni vivyo hivyo. Hata mataifa yenye daftari kubwa yamelipata tatizo hili. Marekani inayo nishani maalumu ya waliojeruhiwa na adui, iitwayo Purple Heart, ambayo asili yake ni beji ya George Washington ya mwaka 1782 na ilihuishwa mwaka 1932. Ili kuipata, jeraha liwe lilitibiwa na mganga na likaandikwa. Mwezi Julai 1973 moto uliteketeza ghala la kumbukumbu za jeshi lao mjini St. Louis, yakaungua majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Tangu hapo mkongwe wa kule naye anaweza kuwa na kovu mwilini na asiwe na karatasi ya kulithibitisha.

Na kwetu hapa kipo kisa ambacho mwandishi Charles Miller alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1974. Anasema kwamba mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo wazee waliokuwa askari wa Mjerumani katika vita ya 1914 hadi 1918. Mhasibu alifika Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na kitu. Ndipo kila mmoja akapewa ufagio mikononi, akaamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Kwa masimulizi hayo, hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Karatasi zilikuwa zimepotea, lakini mwili ulikuwa haujasahau. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba mhasibu yule hakuwafukuza kwa kukosa vyeti. Alitafuta njia nyingine ya kuujua ukweli. Huo ndio uadilifu tunaowaomba wote wenye dhamana: kukosekana kwa jalada kusifanywe kuwa ndiyo hukumu.

Kwa upande wetu sisi familia, kuna mambo yanayotupasa tukiwa bado na wazee hawa.

La kwanza ni kuandika. Mkalishe mzee wako, muulize kwa adabu na bila haraka: namba yake ya jeshi, kikosi chake, kamanda wake, mahali na siku aliyoumia, hospitali iliyomtibu, na wenzake waliokuwapo. Kaandike kwa maneno yake mwenyewe. Usimsahihishe ili kisa kipendeze, na asipokumbuka tarehe, acha wazi. Kisha watafute wenzake walio hai, watoe ushahidi wao kwa maandishi na saini. Aliyekuwa naye siku ile anaweza kuwa Mwislamu au Mkristo, wa Lindi au wa Musoma. Walilala handaki moja, na ushahidi wake ni ushahidi.

La pili ni kweli tupu. Asiyejeruhiwa asidai jeraha, na aliyeumia kwa ajali ya barabarani asiseme ni bomu. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, na mwongo mmoja huwafungia mlango wa kweli wazee mia.

La tatu ni kujua kinachodaiwa na anayedaiwa. Kwa utumishi wa Kagera, maombi hupelekwa kwa mamlaka za jeshi letu, na mwenye kutunuku nishani kwa niaba ya taifa ni Rais. Kwa wale ambao babu zao walikuwa KAR na walipigana Burma, wajue kwamba Uingereza haikuwa na medali ya jeraha. Kilichokuwapo tangu mwaka 1916 ni utepe mdogo uliovaliwa kwenye mkono wa sare. Nyota ya Burma walipewa waliotumikia katika vita ile, walioumia na wasioumia. Kwa hiyo akija mtu kukuahidi "medali ya jeraha kutoka London" kwa malipo ya fomu, mfukuze. Anakula mali ya yatima.

La nne, nishani isichukue nafasi ya matibabu. Mzee ambaye kipande cha chuma bado kinamsumbua anahitaji daktari kabla ya utepe. Na akipata utepe, ukumbusho huo uwafunze wajukuu gharama ya vita, usiwe wa kuwatambia majirani.

Tunarudi kwenye swali letu. Mzee aliyekaa kimya zaidi ya miaka arobaini kisha akadai jeraha lake litambuliwe, kwa kawaida hatafuti makofi. Waliokuwa wakimpigia makofi wengi wameshatangulia. Anachokiona ni kwamba mashahidi wake wanapungua kila mwaka, na akizikwa yeye, kovu lake linazikwa naye, kisha wajukuu wataambiwa kwamba babu yao alikuwa akibuni. Anadai asiitwe mwongo baada ya kufa. Dai hilo ni haki, na haki haifutwi kwa kupita miaka. Malipo yaliyo kamili yako kwa Mwenyezi Mungu, ambaye hasahau jeraha la mja wake hata lisipoandikwa popote. Lakini kusadiki hivyo hakutuondolei sisi wajibu wetu. Malipo ya Akhera ni yake Mola, na daftari la duniani tumekabidhiwa sisi.

Basi leo ukirudi kutoka msikitini, ikiwa ndani ya nyumba yako yumo mzee wa namna hii, chukua kalamu na daftari, uketi karibu naye.