Lushoto si ya kulala usiku mmoja

Kwenye ramani, Lushoto iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, sawa na Pemba. Ila ukifika Julai, Pemba watu wamelala madirisha wazi na Lushoto wamejifunika mablanketi mawili. Tofauti ni kimo. Mombo, mji wa chini ya mlima kwenye barabara kuu ya Arusha, uko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Hewa ikipanda hutanuka na kupoa, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana kilomita 33 za kona kali kutoka Mombo zinakutoa kwenye mashamba ya mkonge na kukufikisha kwenye peasi, plamsi na kabichi. Hali ya hewa ya namna hiyo, ya nusutropiki, kwa kawaida uitafute mbali sana na ikweta.

Wajerumani waliliona hilo mapema. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na maofisa waliochoshwa na joto la pwani wakawa wanapanda kupumzika katika mji waliouita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Wasambaa walikuwa wakilima miteremko hiyo hata kabla ya enzi za Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Vugha, na mpaka leo ndio wanaoulisha mji huo na sehemu kubwa ya soko la mboga la Dar es Salaam.

Naanza na kimo kwa sababu ndicho kinachopaswa kupanga likizo yako, hata kabla ya bei ya chumba. Masika, Machi hadi Mei, ningeyakwepa: njia za vijijini zinakuwa utelezi mtupu, na udongo ukiporomoka unaweza kufunga hata barabara ya lami ya kutoka Mombo. Juni hadi Agosti mvua ni chache lakini baridi ni ya kweli. Usiku joto hushuka likakaribia nyuzi 10, na asubuhi ukungu huutwaa mji mzima. Vuli huanza Oktoba. Mwenye watoto wadogo, au mzee anayesumbuliwa na viungo, namshauri Septemba au Januari na Februari, jua likiwapo na usiku ukiwa wa kuvumilika. Desemba pia ni nzuri, ila wenyeji wanaoishi mijini wanarudi nyumbani kwa sikukuu na mabasi yanajaa. Kata tiketi mapema.

Sasa ukungu. Ratiba nyingi za wageni ninazoziona zina usiku mmoja: kufika jioni, kwenda Irente asubuhi, kushuka mchana. Irente ni ukingo wa mlima, mwendo wa kilomita tano au sita kutoka mjini, ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yako, karibu mita 1,000, inaonekana Mombo na nyika ya Wamasai hadi macho yachoke. Lakini unyevu unaopanda kutoka bondeni hugeuka wingu hapo hapo ukingoni, na asubuhi ya ukungu utasimama juu ya jiwe usione hata mti wa pili. Saa tano au saa sita huenda pakafunguka, wakati mgeni wa usiku mmoja yuko stendi anasubiri basi. Kaa siku tatu walau, nne kama unaweza. Usiipangie Irente saa. Ukiamka ukaona anga ni jeupe, nenda sokoni kwanza, au Magamba.

Msitu wa Magamba, ulio juu zaidi ya mji, hauharibiwi na ukungu, bali unapendeza zaidi. Kilele chake kinapita mita 2,200. Miti kama mkulo na podo imevikwa kuvumwani, na mbega weusi wenye mabega meupe huruka juu ya kichwa chako kabla hujawaona. Ni hifadhi ya serikali: kuna kiingilio, na inafaa kuongozana na mwongoza wageni. Mchukue ofisini, si stendi, mwenye kitambulisho, na mkubaliane bei na muda kabla ya kuanza kutembea. Kijana anayejua jina la kila mti kwa Kisambaa anastahili kulipwa vizuri.

Mwenye nafasi aende Mtae, kijiji cha mwisho upande wa kaskazini-magharibi, kilomita 60 hivi za barabara mbaya. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua yake kwenye miteremko ya mashariki, hivyo upande wa Mtae mara nyingi ni mkavu na anga lake wazi. Kutoka Mtae unaiona Hifadhi ya Mkomazi imelala chini, na Kenya ng'ambo yake. Lala huko huko usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kujitesa.

Kuhusu malazi, zipo nyumba za wageni karibu na stendi, hosteli za makanisa, na hoteli za pembezoni zenye bustani. Mimi napendelea za makanisa: ni safi, tulivu, na chakula ni cha shambani. Popote utakapochagua, piga simu uulize mambo matatu: kama maji ya moto yapo hata umeme ukikatika, kama kuna blanketi la ziada, na kama chakula cha jioni kinaagizwa mapema. Jikoni nyingi hupika kwa oda. Ukifika saa mbili usiku bila kuagiza, utalala na chai.

Chandarua msikidharau. Ni kweli malaria hupungua kadiri unavyopanda, kwa kuwa vijidudu vyake hukua polepole sana ndani ya mbu kukiwa na baridi. Kupungua si kwisha, na wengi hupitia Mombo jioni, kwenye joto, saa ambayo mbu wameanza kazi. Kwenye begi weka sweta, soksi nzito, koti la mvua na viatu vyenye meno.

Matunda ya kupeleka nyumbani nunua siku ya kushuka, wala si ya kwanza. Plamsi chagua ngumu zenye wekundu wa upande mmoja, uziweke kwenye tenga lenye kupitisha hewa na kulipakata mapajani. Zilizoiva, ndani ya mfuko wa plastiki kwenye buti la basi, joto la Mombo litakuwa limezigeuza uji kabla hamjafika Segera.